Breki za Pikapu Iliyoinuliwa: Mwongozo kwa Wanaoteremka Tambach, Nandi na Kericho

Nilipoiinua Hilux yangu inchi mbili na kuivisha matairi ya 285, watu wa mtaa walinisifu wiki nzima. Breki sikuziwazia. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nateremka kutoka Iten kwenda Biretwo na mifuko 14 ya saruji nyuma, na kwenye kona za chini ya Tambach kanyagio likaanza kuzama. Nilikanyaga tena, likarudi nusu. Nikaingiza gia ya pili, injini ikalia kilio cha mbuzi, nikafika chini shati limeganda mgongoni. Nilirudi Nakuru nimeshaamua: nanunua diski kubwa na kalipa (vibanio vya pedi) za pistoni nne, zile nyekundu zinazoonekana hata gari likiwa limesimama.

Mpaka leo sijazinunua, na gari linasimama vizuri. Fundi aliingia chini, akakaa huko kama robo saa, akatoka akifuta mikono. "Mkubwa," akaniambia, "breki zako hazijakosa nguvu. Zimekosa habari." Alichomaanisha nitakieleza katika hatua ya tatu, na hiyo ndiyo hatua ambayo ningekuomba usiiruke hata ukiruka nyingine zote.

Mwongozo huu ni wa mwenye pikapu ya kazi: Hilux, D-Max, Navara, Ranger, L200, hata Land Cruiser ya 79. Si kila anayeinua gari anaenda mashindano ya porini ya Rhino Charge. Wengi wetu tunainua kwa sababu ya barabara za miwa za Muhoroni, matope ya Kano, au mawe ya kwenda shambani. Gari likishainuliwa, linabaki na breki zilezile zilizopimwa kiwandani kwa gari fupi, jepesi na lenye matairi madogo.

Hatua ya 1: Jua breki zako zinashindwa namna gani

"Breki hazishiki" ni malalamiko matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Kabla ya kwenda duka la spea, jiulize ni lipi.

La kwanza: kanyagio ni gumu, mguu unasukuma kwa nguvu zote, lakini gari linaendelea kwenda. Hapo mafuta ya breki yanafikisha msukumo vizuri, ila pedi haziumi diski. Huenda pedi zimepata moto kupita kiasi, huenda ni pedi duni, au busta, kile chombo kinachoongezea nguvu ya mguu, haisaidii.

La pili: kanyagio ni laini, linazama, ukikanyaga mara mbili au tatu linapanda. Hapo shida iko kwenye mafuta: yamechemka, yana hewa, mpira wa kupitishia mafuta unavimba, au masta silinda (pampu inayosukumwa na kanyagio) inavuja kwa ndani. Likizama mlimani kisha likarudi sawa baada ya gari kupoa nusu saa, jua mafuta yalichemka. Hilo ndilo lililonipata. Mvuke hubanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni.

La tatu: gari linasimama, lakini mbele kunainama sana na nyuma hakufanyi kazi, au linavuta upande mmoja. Hapo nguvu ipo ila imegawanywa vibaya.

Busta ipime sasa hivi, haigharimu kitu. Zima injini, kanyaga mara tano au sita mpaka kanyagio liwe gumu, kisha likandamize na uwashe injini. Likishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Lisiposhuka, angalia mpira wa vakyumu na pampu yake, ambayo kwenye dizeli nyingi za zamani imefungwa nyuma ya altaneta. Na kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa milimani: busta ya vakyumu inasaidiwa na uzito wa hewa ya nje. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina takriban robo tatu tu ya mgandamizo wa hewa ya Mombasa. Kanyagio lililokuwa sawa Kisumu litakuwa zito kidogo Timboroa. Huo si ugonjwa. Lakini busta iliyochoka, ambayo pwani ingejificha, huku kwetu inaumbuka.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya matairi na uzito

Breki hazizuii gari moja kwa moja, zinazuia gurudumu lisizunguke. Tairi likiwa kubwa, ni kama umeongeza urefu wa mpini ambao barabara inatumia kushindana na diski. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha kama milimita 776. La 285/70R17 lina kama 831. Tofauti ni asilimia 7. Maana yake, kwa mguu uleule na pedi zilezile, nguvu ya kusimamisha gari imepungua kwa karibu asilimia 7. Ukipanda hadi tairi la inchi 35, umepoteza zaidi ya asilimia 12.

Halafu spidomita nayo inakudanganya. Kwa matairi yale ya 285, ikisoma 80, wewe uko karibu 86. Nishati ya mwendo inaongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo hizo kilomita sita unazodhani huna zinakuongezea karibu asilimia 15 ya kazi ya breki.

Uzito: bampa ya chuma, winchi, kebini ya nyuma, tairi la akiba kubwa, springi nene. Kila kimoja ukikibeba peke yake ni kidogo. Mimi nilipitisha gari kwenye mizani ya ghala la nafaka, nikawaomba kwa heshima siku ambayo hawakuwa na foleni. Fanya hivyo, na upime likiwa na mzigo wako wa kawaida, si tupu. Ukishapata namba utajua unachagua breki za gari gani hasa. Kama namba imevuka uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari, hakuna pedi itakayokuokoa. Punguza mzigo.

Chukulia gari lenye mzigo lina kilo 2,800. Kulisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa ni kazi ya takriban kilojuli 690. Lakini kuliteremsha mita 1,000, na kutoka Iten mpaka sakafu ya Bonde la Kerio ni zaidi ya hizo, ni kama kilojuli 27,500. Hiyo ni sawa na kulisimamisha gari hilo mara 40 kutoka kasi ya 80, bila kupumzika. Ni moto wa kutosha kuchemsha lita 80 za maji ya kisima. Upepo, matairi na injini vinabeba sehemu ya kazi hiyo, na ukitumia gia vizuri injini inabeba sehemu kubwa. Ukishuka na gia ya frii kama wanavyofanya baadhi ya madereva wa malori wanaobania dizeli, karibu yote inaishia kwenye diski zako.

Ndiyo maana mtu wa Kisumu mjini na mtu wa Kapsabet hawapaswi kununua breki sawa, hata wawe na magari pacha. Anayezunguka Kondele na Mamboleo anahitaji breki zinazouma haraka zikiwa baridi. Anayeteremka Nandi Hills kwenda Chemelil, Kericho kwenda Ahero, au Subukia upande wa Nakuru anahitaji breki zinazovumilia moto.

Hatua ya 3: Ingia chini, utafute ile vali ya nyuma

Pikapu nyingi zisizo na breki za kompyuta, na baadhi zilizo nazo, zina vali ndogo kwenye chasisi juu ya ekseli ya nyuma. Vali hiyo ina mkono au springi nyembamba iliyoshikizwa kwenye ekseli. Ukipakia mzigo, chasisi inakaribia ekseli, mkono unasukuma vali, na vali inaachia msukumo zaidi wa mafuta kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu, nyuma kunapanda, vali inapunguza msukumo ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kukuzungusha.

Sasa umeinua gari inchi mbili. Chasisi imekaa mbali na ekseli kuliko siku zote. Vali haina macho. Inadhani umebeba hewa, inabana breki za nyuma hata ukiwa na saruji tani nzima. Kazi yote inaangukia mbele. Pedi za mbele zinapata moto, mafuta yanachemka, na wewe unaenda kununua diski kubwa za mbele. Hiyo ndiyo habari ambayo fundi alisema breki zangu zimeikosa.

Dawa yake ni kibao cha chuma kinachopandisha pale mkono unaposhikiliwa, kwa kimo kilekile ulichoinua gari. Umeinua milimita 50, kibao kiwe cha milimita 50. Baadhi ya vali zina nati ya kurekebisha urefu wa mkono, lakini nafasi yake mara nyingi ni ndogo kuliko unayoihitaji. Kama pia umeongeza majani ya springi, kumbuka kwamba nyuma hakuzami tena kama zamani ukipakia, kwa hiyo vali bado itapata taarifa pungufu. Hapo fundi mwenye geji ya msukumo wa breki ndiye wa kumtafuta, apime mbele na nyuma gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, na afuate vipimo vya kitabu cha gari lako.

Kuna mafundi watakaokuambia, "Hiyo tunaifunga na waya ikae juu, tunamaliza." Kataa. Vali ikifungwa wazi, nyuma itapata msukumo wote hata ukiwa mtupu, na siku ya mvua pale Kericho, lami ikiwa imelowa na majani ya chai yameanguka kutoka kwenye matrekta, nyuma kutafunga kabla ya mbele, na gari litageuka kutazama ulikotoka.

Kama gari lako ni la karibuni, lenye mfumo wa kompyuta unaogawa breki mbele na nyuma, huenda hutaiona vali hii kabisa. Sawa, pita hatua inayofuata, ila hakikisha matairi yote manne ni ya ukubwa mmoja. Kompyuta hiyo inalinganisha mizunguko ya magurudumu, na matairi yasiyolingana yanaichanganya.

Hatua ya 4: Mipira na mafuta, kabla ya chuma chochote

Inua gari kwa jeki kwenye chasisi, acha magurudumu yaning'inie kabisa, kisha uiangalie mipira ya breki. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto. Mpira ukinyooka kama kamba ya kuanika nguo, ni mfupi. Siku gurudumu litakapoingia kwenye shimo la barabara ya miwa, utakatika au utang'oka kwenye shina. Angalia mpira wa nyuma kwa makini zaidi, ule unaotoka chasisi kwenda ekseli, maana mara nyingi ni mmoja tu unaolisha pande zote mbili. Angalia pia nyaya za sensa za magurudumu na kebo ya breki ya mkono.

Aliyeinua bodi tu kwa kuweka vipande kati ya bodi na chasisi hana shida ya mipira ya magurudumuni. Yeye aangalie mabomba yanayotoka masta silinda kushuka kwenye chasisi, kwa sababu masta imepanda na bodi ilhali mabomba ya chini yamebaki.

Mipira mirefu iliyosukwa kwa nyuzi za chuma ni nyongeza nzuri. Haivimbi, na kanyagio linakuwa na msimamo. Lakini inunue iliyotengenezwa na kupimwa kwa gari la aina yako, ikiwa na alama zake. Mpira wa kuungaunga na klipu usiukubali hata ukipewa bure.

Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyounywa ndivyo yanavyochemka mapema. Daraja lake, DOT, limeandikwa kwenye mkebe, na viwango vya chini vinavyotakiwa ni hivi: DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanywa maji si chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa anayeteremka milima na mzigo, DOT 4 bora au 5.1, na kuyabadilisha yote kila miaka miwili, hata kama bado yanaonekana safi. Haya matatu yanaweza kukaa mfumo mmoja. DOT 5 bila nukta moja ni ya silikoni, hayachanganyiki na haya, yaache dukani. Na ule mkebe uliofunguliwa mwaka jana ukabaki nusu kwenye rafu ya gereji, mwambie fundi asiutie kwenye breki zako.

Mafuta yangu yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Sikumbuki yalibadilishwa lini, pengine Japani.

Hatua ya 5: Pedi, na herufi mbili za kusoma

Hapa ndipo pesa kidogo huleta tofauti kubwa, na ndipo pia tunapodanganywa sana. Niliwahi kununua pedi mjini, boksi zuri lenye hologramu, muuzaji akaniapia kwa mama yake. Baada ya wiki tatu zilikuwa zinang'aa kama kioo na harufu yake ilijaa kebini. Tangu siku hiyo sinunui boksi, nasoma pedi yenyewe.

Itoe pedi kwenye boksi uigeuze. Pembeni au mgongoni utaona mwandiko mrefu, na ndani yake herufi mbili pamoja: EE, FE, FF, GF, GG. Herufi ya kwanza inaeleza ushikaji pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE, hiyo inashika vizuri mtaani, ikipata moto inalegea, na kwa mteremko wa Tambach si rafiki. Tafuta FF au zaidi, na herufi ya pili isiwe chini ya ya kwanza. Pedi isiyo na mwandiko wowote irudishe kwenye boksi, sema asante, ondoka.

Alama ya pili ya kutafuta ni herufi E na namba ndani ya duara, na karibu yake namba inayoanza na 90R. Hiyo inaonyesha kwamba pedi zimeidhinishwa kwa kanuni ya Ulaya ya pedi mbadala, ambayo hulinganisha ushikaji wake na wa pedi asili za gari. Angalia pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye boksi, lakini usiishie hapo, kwa sababu boksi linaigizwa kirahisi kuliko mwandiko uliochapwa kwenye chuma.

Kuhusu aina: za mchanganyiko wa nusu chuma ndizo ninazopendelea kwa pikapu iliyoinuliwa. Zinastahimili moto na mzigo, ingawa zinapiga kelele kidogo asubuhi na zinachafua rimu. Za seramiki ni tulivu na safi, zinamfaa wa mjini. Za mashindano usiziguse: zinataka ziwe moto ndipo ziume, na saa kumi na mbili asubuhi Molo, barabara ikiwa na ukungu na ng'ombe wanavuka, pedi zako zitakuwa baridi kama mawe ya mto.

Hatua ya 6: Diski

Kwanza pima ulizonazo. Kwenye kitovu au ukingo wa diski pamechapwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, ukianza na MIN TH. Fundi akipima na kalipa ya kupimia akakuta imefika hapo, diski imekwisha, hata kama inang'aa. Kuipeleka kwa mtu wa mashine ya lethi kuichonga kunafaa tu kama itabaki juu ya unene huo. Diski nyembamba hupata moto haraka, kwa sababu chuma ndicho kinachohifadhi joto kabla ya upepo kuliondoa.

Ukinunua mpya, chagua yenye matundu ya hewa katikati ya kuta mbili, ya ukubwa wa kiwanda, chuma kizito. Yenye mifereji iliyochongwa usoni inafaa kwetu: mifereji inafagia matope na vumbi la maramu kutoka kwenye pedi. Zile zilizotobolewa tundutundu ni nzuri kwa picha. Kwenye gari zito linaloshuka milima, nyufa huanzia kwenye matundu hayo, na mawe madogo yanakwama humo.

Jambo moja ambalo vijana wa kuosha magari kule chini hawapendi kulisikia: ukifika bondeni na magurudumu yanatoa harufu, usiruhusu mtu ayamwagie maji. Chuma chekundu na maji baridi havipatani, diski inapinda au inapasuka. Endesha polepole dakika chache bila kukanyaga ili upepo upite, kisha egesha pasipo na mteremko, weka mawe kwenye magurudumu, na usivute breki ya mkono mpaka vipoe.

Hatua ya 7: Ngoma za nyuma

Pikapu nyingi za kwetu zina ngoma nyuma, yaani breki ambazo viatu vyake husukuma ukuta wa ngoma kwa ndani badala ya pedi kubana diski, na watu wanazidharau. Ngoma iliyorekebishwa vizuri inafanya kazi yake. Adui yake ni matope. Ukitoka Ahero kipindi cha mafuriko, ngoma zimejaa maji na udongo mweusi, na viatu vyake vinateleza. Kanyaga breki taratibu mita mia kadhaa ili zikauke, na ukifika nyumbani zifungue uzisafishe. Viatu vikilika, kanyagio linakuwa refu. Zirekebishe kwa kugeuza ile gia ndogo kupitia tundu la nyuma, pande zote mbili sawa, mpaka gurudumu lianze kugusa kidogo linapozungushwa kwa mkono.

Kubadilisha ngoma ziwe diski kunawezekana, ila breki ya mkono, vali ya nyuma na masta vyote vinataka kufikiriwa upya. Kwa kazi zetu, hizo pesa zina matumizi bora.

Hatua ya 8: Kama bado unataka breki kubwa

Umesharekebisha vali, umebadilisha mafuta na mipira, umeweka pedi za FF na diski nzima. Endesha wiki mbili na mzigo wako wa kawaida. Wengi wataishia hapa. Kama una matairi ya inchi 35, au gari lina kebini na vifaa vya kudumu, basi endelea.

Rudi kwenye hesabu ya hatua ya pili. Umepoteza asilimia 7, unahitaji kuirudisha asilimia 7, pengine na ya akiba kidogo. Pedi inabana kama milimita 125 kutoka katikati ya gurudumu, tuseme. Ukiisogeza nje mpaka 134, umeshairudisha. Hiyo ni diski yenye kipenyo kilichozidi kwa kama milimita 18 tu. Huhitaji sahani ya pilau.

Njia salama ni breki za ndugu mkubwa wa gari lako: toleo zito la familia ileile, lililotengenezwa kiwandani, ambalo habu (kitovu cha gurudumu), kalipa na mabano yake vinaingiliana na vyako. Soko la mitumba la Japani linaleta nyingi. Ukichukua hizo, nunua seti nzima ya pande zote mbili, fungua pistoni ubadilishe mpira wake wa ndani, na pedi ziwe mpya.

Njia ya pili ni seti kamili ya kampuni inayotengeneza kwa ajili ya pikapu. Muulize muuzaji maswali matatu, na asipoweza kujibu usitoe pesa.

Rimu yangu inaingia? Kalipa kubwa haikai kwenye rimu ndogo. Gari la rimu 16 huenda likalazimika kuhamia 17 au 18. Omba karatasi ya kipimo, uikate kwa kadibodi, uijaribishe ndani ya rimu.

Masta silinda yangu inatosha? Pistoni zenye eneo kubwa kwa asilimia 20 zinabana kwa nguvu zaidi kwa asilimia hiyo, lakini zinakunywa mafuta zaidi kwa kiasi hichohicho, na kanyagio linashuka zaidi. Kama lilikuwa tayari linafika katikati, sasa litagusa sakafu.

Na nyuma? Ukiongeza nguvu ya mbele peke yake, uwiano wa kiwandani umevunjika. Muuzaji mzuri atakuambia seti yake imepimwa na nini nyuma.

Mabano ya kalipa yaliyochomelewa jua kali, hapana. Nawaheshimu sana mafundi wetu wa kuchomelea, bampa yangu waliitengeneza wao na ni imara. Bano la kalipa linabeba gari zima kwa sekunde chache, tena na tena, likiwa moto. Weldi ikiachia hapo, kalipa inazunguka na rimu na inakata mpira wa breki papo hapo.

Mwambie na mtu wa bima kwa maandishi kwamba umebadilisha breki na umeinua gari. Pikapu za biashara hupita ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kila mwaka, kwa hiyo weka risiti na karatasi za vipimo pamoja na kitabu cha gari.

Hatua ya 9: Kufunga na kuzizoesha

Fundi akiondoa kalipa, aifunge kwenye springi kwa waya, asiiache ining'inie kwa mpira wake. Boliti zikazwe kwa spana ya kupima nguvu, si kwa bomba refu na sala. Hewa itolewe kwa mpangilio wa kitabu cha gari, kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali na masta, na chombo cha mafuta kisikauke katikati ya kazi. Kabla gari halijashuka jeki, kanyaga mara kadhaa mpaka pistoni zisogee. Nimemwona mtu akitoka gereji kinyumenyume na kusimamishwa na ukuta wa jirani kwa sababu hakuna aliyekumbuka hilo.

Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Tafuta barabara iliyonyooka na tupu, asubuhi ya Jumapili. Nenda kasi ya 60, kanyaga kwa wastani mpaka kama 15 bila kusimama kabisa, achia, ongeza kasi, rudia. Fanya hivyo mara nane hadi kumi, ukiacha nafasi kidogo kati ya moja na nyingine. Kisha endesha dakika kumi bila kuzitumia, zipoe. Usisimame ukazishikilia zikiwa moto, pedi itaacha alama yake kwenye diski na usukani utatetemeka baadaye.

Halafu jaribu mteremko, gari likiwa na nusu ya mzigo. Anza juu na gia ileile ambayo ungetumia kupanda. Kanyaga kwa uthabiti, punguza kasi, achia, acha zipumue. Kuburuza mguu juu ya breki njia nzima ndiko kunakozipika. Ukifika chini, pima joto la kila diski kwa kipimajoto cha kulenga. Chukua cha mafundi. Kile walichotuelekezea usoni wakati wa Korona hakifiki huko. Kushoto na kulia zikaribiane. Upande mmoja ukiwa moto zaidi sana, kuna pistoni au pini iliyokwama. Mbele zikichemka na nyuma zikiwa vuguvugu tu na mzigo uko juu, rudi hatua ya tatu, kibao chako ni kifupi.

Mimi nilirudi mara mbili. Kibao cha kwanza kilikuwa cha milimita 40 kwa sababu ndicho kipande cha chuma kilichokuwepo siku hiyo. Kwa cha 50, na DOT 4 mpya, na pedi za FF, niliteremka tena Tambach na mifuko 14. Kanyagio lilibaki juu mpaka Biretwo. Anayepita Londiani tangu Juni 30, 2023, siku lori lilipopoteza mwelekeo kwenye makutano na kuua makumi ya watu, hahitaji kuelezwa kwa nini nilisimama pale chini, nikashuka, nikagusa kila gurudumu kwa zamu kabla ya kuendelea.

Baada ya kilomita 500, kaza nati za magurudumu tena, angalia kama mipira imesuguana na kitu, na ufungue kifuniko cha mafuta uone kama yameshuka.